Mbeleko ya Mkono wa Kulia

Yuditha Nyagawa alikuja karakana kwangu Jumatatu asubuhi, na kabla hata sijamkaribisha kiti nilikuwa nimeshamuumiza. Nalisema hili mapema ili huko mbele nisije nikajisahau nikaanza kujifanya mtakatifu.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Koti lake la baridi lilikuwa limefungwa kifungo cha juu tu, maana mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitenge shingoni na haukuweza kuingia kwenye mkono wa koti. Makambako mwezi wa sita upepo haumwonei mtu huruma. Mkono wa kushoto ulishika mfuko wa plastiki. Aliponiona aliweka mfuko chini, akapiga goti kidogo, akauchomoa ule mkono wa kulia kwenye kitenge, akaushikilia kiwiko kwa mkono wa kushoto kama alivyofundishwa kwao, akaniamkia. Nikaupokea. Nikasema marahaba nikautikisa, kama ninavyotikisa mikono ishirini kila siku ya Mungu. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

Nina miaka hamsini na nane. Kwake mimi ni mtu mzima, na huku kwetu mtu mzima hasalimiwi kwa mbali.

Alipoketi akatoa Mbeleko yangu ndani ya mfuko, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Naiita yangu kwa sababu niliibuni mimi, Editruda Luvanda. Kabla sijawa mhandisi wa vifaa vya tiba nilikuwa fundi cherehani, na wazo lenyewe nililipata kwa kuwatazama wanawake wanavyobeba watoto mgongoni. Uzito haukai shingoni, unagawanywa begani, kifuani na kiunoni, na mtoto akigeuka nguo inamfuata. Kile kitambaa cha pembetatu walichokuwa wakifungiwa waliovunjika mikono kiliniudhi tangu utotoni, kinakata shingo na mkono unaning'inia kama mzigo sokoni. Nikafuma nguo inayoufuata mkono.

Nyuzi zake zinahisi. Zinajua mkono umekunjwa kiasi gani, umeshika nini, na msuli umetulia au umeshtuka. Mfupa ukiwa mbichi Mbeleko inakaza. Ukianza kuunga, inalegea. Kuanzia siku ya kumi, mgonjwa akiamua mwenyewe kuunyoosha mkono inampisha, maana mkono usiotumika hukakamaa, na mimi sikutaka kutengeneza pingu. Akishanyoosha mkono, akashika kitu na kukivuta mara sitini bila msuli kushtuka kwa maumivu, Mbeleko inahesabu kwamba amepona. Inafunguka yenyewe, na papo hapo inatuma Cheti cha Kupona kwa mwajiri, kwa hospitali, na kwa Tengemaa, kampuni iliyochukua ubunifu wangu na ambayo leo inasimamia kila mgonjwa wa mkono katika Nyanda zetu za Juu.

Yuditha akaniambia yake ilifunguka siku ya kumi na nane. Mimi na akili zangu zote nikampa hongera. Nikamweleza, tena kwa madaha, kwamba wengine huchukua siku arobaini, na kwamba Mbeleko haikosei. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akafungua kitenge.

Kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, kilikuwa kimepinda. Kidogo tu, lakini mtu aliyekula kwa kunyoosha mishono miaka yote hawezi kukosa kuona. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vimejikunja, na alipojaribu kuvinyoosha havikumtii.

Anafanya kazi kiwanda cha plaiwudi, kwenye mashine ya kubandua magogo, na ndiyo iliyomvunja. Cheti kilipofika kiwandani, kesho yake akaitwa kazini. Alipomweleza msimamizi kwamba mkono bado unauma, akaonyeshwa cheti. Siku ya tatu akainua karatasi moja ya plaiwudi akasikia kitu ndani ya mkono kikiteleza. Akakimbilia hospitali. Mlango ulisoma jina lake ukamwambia kwa sauti nyororo kwamba amepona, hongera, arudi nyumbani. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu mlango ukampangia siku ya kuzungumza na mshauri wa watu wenye hofu ya kazi.

Hapo damu ilianza kunichemka. Mwanamke ana mfupa uliopinda, anaambiwa ana hofu.

Jumamosi alimvizia daktari Venansi Mbilinyi saa ya chakula, mmoja wa madaktari wanne wa mifupa tuliobakiwa nao Nyanda nzima tangu Tengemaa waseme madaktari wengi hawahitajiki tena. Daktari aliupapasa mkono kupitia nondo za uzio. Mfupa umeteleza na unabana mshipa wa fahamu, akamwambia. Usiporudishwa mahali pake kabla ya Jumamosi inayofuata, vidole viwili havitaamka tena, na kiganja kinaweza kuvifuata. Yeye yuko tayari kumpasua hata leo, ila mashine za chumba cha upasuaji haziwaki kwa jina la mtu mwenye Cheti cha Kupona. Akamwambia aende kwa aliyeishona.

Nikaiunganisha Mbeleko na meza ya kusomea vipimo, nikiamini kabisa nitakuta uzi umekatika. Uzi gani. Nguo ilikuwa nzima kama siku niliyoikabidhi. Nikafungua kumbukumbu zake. Majaribio yaliyofaulu, sitini. Siku za kawaida mawili, matatu, mengi yake asubuhi. Halafu Jumapili, siku ya kumi na nane, arobaini na moja, yote ndani ya robo saa, kuanzia saa sita na dakika tano mchana. Kunyoosha, kushika, kuvuta, kutikisa, kuachia. Kunyoosha, kushika, kuvuta, kutikisa, kuachia. Hakuna mgonjwa anayefanya mazoezi hivyo. Nikamuuliza Jumapili saa sita alikuwa anafanya nini.

“Nilikuwa kanisani, Mama,” akasema. “Ndiyo tulikuwa tunatoka.”

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Ibada ikiisha, anayetoka wa kwanza anasimama mlangoni, wa pili anampa mkono na kusimama pembeni yake, wa tatu anawapa wote wawili, hivyohivyo huku wimbo unaendelea, mpaka mstari unazunguka uwanja na kila mtu ameshika mkono wa kila mtu. Mstari ule nimesimama tangu nina miaka mitatu.

Nikamuuliza kama hakuumia. Akasema aliumia sana. Nikamuuliza basi kwa nini msuli haukushtuka, maana nyuzi zangu zinakamata hata mtu akikunja uso. Akanitazama kama vile nimemuuliza kwa nini hakuwatemea mate.

“Ni wazee wangu wale,” akasema. “Nitawakunjia uso?”

Nikakumbuka mkono alionipa mlangoni nusu saa iliyopita. Nikakumbuka na mengine. Majaribio ya Mbeleko tuliyafanya jijini, kwenye ghorofa la kampuni. Wagonjwa mia mbili, kila mmoja chumba chake, wiki sita, chakula kinaletwa na kitoroli kinachojiendesha. Tulipiga marufuku kupeana mikono ili vipimo visichafuke. Karatasi ya marufuku niliitia saini mimi. Palikuwa na mzee mmoja wa Kibena, wa kutoka Lupembe, aliyelalamika kwamba tunamtenga kama mwenye ukoma. Kwenye ripoti nikaandika kwamba mshiriki huyo hana ushirikiano. Mimi, niliyezaliwa Njombe, niliyelelewa kwa kushikwa mkono na kila mtu mzima wa mtaa, nilimwandikia mzee wa watu hivyo.

*

Jumanne nilikwenda ofisi za Tengemaa. Mapokezi alikaa kijana mpole anaitwa Nehemia Kyando, naye alikuwa amevaa Mbeleko. Aliponijua kuwa ndiye mimi niliyeibuni alifurahi mno, akainuka, akataka kunipa mkono. Nikamkatalia. Akabaki amesinyaa, na ilibidi nimweleze kwamba sina kinyongo naye. Akaniambia aliteleza kwenye ngazi wiki sita zilizopita, na kwamba mke wake amejifungua binti ambaye yeye hajawahi kumbeba kwa mikono miwili. Mbeleko yake ingefunguka Ijumaa. Nikamwomba aniruhusu nisome kumbukumbu zake. Huyu alikuwa amepona kweli, siku arobaini na mbili, mfupa wake imara. Yeye hukaa nyuma ya kioo kutwa nzima, na wageni humsalimia kwa kupunga.

Meneja wa kanda, Lukelo Kihwele, nilimfundisha kushona mshono wake wa kwanza wa nyuzi hisi. Mpaka leo ananiita Mwalimu. Alitoka nyuma ya meza kuniamkia, mkono wa kushoto chini ya kiwiko, heshima zote. Nikaketi, nikamweleza kila kitu, mstari wa kanisani, vipimo vya Yuditha, mlango wa hospitali. Nilitegemea ashtuke. Akanisikiliza huku ametulia tuli, kisha akaninong'oneza kwamba wanajua.

Akanionyesha chati. Jijini mgonjwa wa mkono hupona kwa siku arobaini na moja. Nyanda za Juu, ishirini. Wameiona tofauti hiyo mwaka wa pili sasa. Makao makuu waliipenda. Viwanda vya huku viliipenda zaidi, na kuna bango barabarani, nimepita chini yake mara ngapi sijui, limeandikwa kwamba watu wa Nyanda wana mifupa ya chuma. Mimi nilidhani ni maziwa na hewa ya baridi. Nilijivuna nalo hata bango hilo.

“Mwalimu, ingekuwa ni kosa kubwa tungepata malalamiko,” Lukelo akasema. “Hakuna aliyelalamika.”

Nikamwambia walalamike wapi, kwa mlango? Akasema kuna utaratibu wa rufaa, siku thelathini. Nikamwambia Yuditha ana siku nne. Akasikitika, na nadhani alisikitika kwa dhati, maana alishika paji la uso kama alivyokuwa akifanya akikosea mshono. Halafu akanipa suluhisho lao. Wameandaa tangazo la kuwafundisha wagonjwa kutoa mkono wa kushoto mpaka watakapopona. Limeshatafsiriwa kwa Kibena, Kihehe na Kikinga.

“Mpe mama yako mkono wa kushoto leo jioni,” nikamwambia, “kisha kesho uje unieleze alikujibu nini.”

Lukelo si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Watu wabaya ningejua pa kuwashika. Hawa ni watoto wetu, wanajua kabisa kwamba mkono wa kushoto haupelekwi kwa mkubwa, kama mimi nilivyojua, na wote tulipoingia kwenye ghorofa la kampuni tuliuacha ujuzi huo nje pamoja na matope ya viatu.

Kabla sijaondoka alinikumbusha jambo, kwa kunionya. Kila mbunifu wa kifaa cha tiba anapewa ufunguo wa kusimamisha. Wangu uko ndani ya subana, ile kofia ya chuma tunayovaa mafundi kidoleni ili sindano isituchome. Nikiigonga subana mara tatu juu ya Mbeleko yoyote, zote zinasimama. Ufunguo hauwezi kumchagua mtu mmoja. Nilidai mwenyewe iwe hivyo zamani, nikiogopa asije mbunifu akanunuliwa na mgonjwa mmoja mwenye uwezo. Vyeti vyote vilivyotolewa vinafutika, na milango ya hospitali inawatambua wote kama wagonjwa. Lakini Mbeleko zilizo mikononi zinakaza na kujifunga, na hazifunguki mpaka daktari azifungue kwa mkono, moja moja. Lukelo akanitajia idadi. Elfu kumi na moja na mia nne. Madaktari wanne.

“Nusu yao wamepona kweli,” akasema. “Mkono wa mtu mzima ukifungwa wiki tatu za ziada kiwiko kinakakamaa. Wengine hawataunyoosha tena. Hao nao utawaambia nini, Mwalimu?”

Jumatano yote nilikaa na swali hilo. Sikushona, sikula vizuri, niliitazama subana mezani nikaichukia. Nilipiga hesabu nikazirudia. Daktari mmoja akifungua wagonjwa mia kwa siku, na mia ni wengi, wanne watamaliza baada ya mwezi. Ndani ya mwezi huo kuna fundi seremala atakayekakamaa kiwiko kwa sababu yangu. Kuna Nehemia na binti yake. Upande wa pili kuna Yuditha, na kuna kina Yuditha wengine nisiowajua majina, ambao hivi ninavyofikiri wanainua magogo na mifupa isiyounga kwa sababu waliwaheshimu wazee wao. Nilijaribu kuiona Mbeleko kama kifaa cha mtu mwingine ili nihukumu kwa haki. Sikuweza. Kila mshono ulikuwa wangu.

Nikaamua nitakwenda kwanza mbele ya kamati. Watu wazima wakiona kwa macho yao wataelewa, nikajiambia. Wakisema ndiyo, cheti cha Yuditha pekee kitafutwa, na subana itabaki mfukoni.

*

Kamati ya mapitio ilikubali kutuona Alhamisi, dakika ishirini. Walikuwa watu watatu, na mwenyekiti wao Mzee Ngailo, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye nusu ya mji huu aliusomesha. Mzee wa heshima kabisa. Lukelo alikuwepo, na Nehemia aliletwa kuandika kumbukumbu, mkono wake mmoja ukiwa kifuani.

Nilikuwa nimemvika tena Yuditha Mbeleko yake, imelegezwa kama ya siku ya kumi na nane, na nikaiunganisha na ubao mkubwa wa ukutani ili wajumbe wasome vipimo vyenyewe. Nilimwonya Yuditha nje ya mlango. Asimpe mtu mkono, yeyote yule, aamkie kwa mdomo tu. Akaniahidi.

Tukaingia. Mzee Ngailo akainuka kwenye kiti chake, na kuinuka kwenyewe kulimchukua muda kwa sababu ya magoti, akazunguka meza yote kuja kumpokea, maana ndivyo alivyo, hamsalimii mtu akiwa ameketi. Akanyoosha mkono. “Pole sana, binti yangu,” akasema.

Nikamwona Yuditha akisita. Nikaona bega lake likipanda. Kisha akapiga goti, mkono wake wa kulia ukatoka kwenye Mbeleko, wa kushoto ukashika kiwiko, na Mzee Ngailo akaupokea, akautikisa kwa upendo, akauweka na mkono wake wa pili juu, akaushikilia huku akimuuliza kwao ni wapi na baba yake ni nani. Yuditha akajibu yote. Sauti yake haikutetemeka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na chumba kile kilikuwa na baridi.

Ubao wa ukutani ukawaka kijani. Jaribio la sitini na moja, limefaulu. Maumivu, hakuna.

Nikawaambia wajumbe watazame ubao, kisha wamtazame huyu mwanamke. Nikawaonyesha kigasha, vile vidole viwili, barua ya daktari Mbilinyi. Nikaeleza mstari wa kanisani. Nikasema kifaa changu kinapima adabu kinaita uzima, kosa ni langu, niandikeni mimi, ila mfutieni huyu cheti aingie hospitali leo. Mjumbe wa kulia akaandika kitu. Mjumbe wa kushoto akauliza kama ninaweza kuthibitisha kwamba mgonjwa hakufanya mazoezi mengine kwa siri. Mzee Ngailo akakitazama kiganja chake mwenyewe, kisha akautazama ubao, akaonekana kufarijika.

“Lakini mkono una nguvu, Mama Luvanda,” akasema. “Nimeushika mimi mwenyewe.”

Akaendelea kwa upole kwamba mgonjwa mmoja si ushahidi wa kutosha, kwamba taratibu ndizo zinazotulinda sote, na kwamba shauri litasikilizwa kamili baada ya siku thelathini. Akamtakia Yuditha kila la heri. Yuditha akasema ahsante. Jamani, alisema ahsante. Nilimuuliza pale pale, mbele yao, kwa nini alitoa mkono na nilishamwonya.

“Ameinuka, Mama,” akanijibu kwa sauti ya chini. “Mzee mzima ameinuka kwa ajili yangu. Ningemwachaje mkono wake hewani?”

Nikatia mkono mfukoni nikaivaa subana.

Lukelo aliona. Akaita Mwalimu, mara moja tu, na akawaambia wajumbe ni kitu gani kile kilicho kidoleni mwangu. Mzee Ngailo akanikumbusha kwamba nikifanya hivyo bila idhini ya kamati leseni yangu inakufa leo na nitashtakiwa. Nikasema nimesikia. Lakini sikuwatazama wao. Nilimtazama Nehemia, aliyekuwa ameacha kuandika. Alikuwa ameshaelewa.

“Yangu inafunguka kesho,” akasema.

“Najua, mwanangu,” nikamwambia. “Nakufunga wewe nikijua.”

Sikutafuta maneno ya kulainisha, kwa sababu hayapo. Nikagonga mara tatu kwenye Mbeleko ya Yuditha. Ubao ukazimika. Nikasikia nyuzi zikikaza, sauti ndogo kama ya nguo mpya inayokunjwa, mara mbili ndani ya chumba kile, moja kifuani kwa Yuditha na nyingine kifuani kwa Nehemia. Nehemia akajaribu kunyoosha kiwiko. Akajaribu tena. Kisha akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto akaendelea kuandika, na machozi yakawa yanamdondokea kwenye karatasi.

*

Mlango wa hospitali ulimwita Yuditha mgonjwa na kumfungukia. Saa tisa alasiri daktari Mbilinyi alikuwa ameshaanza kumpasua. Alitoka saa mbili baadaye, barakoa shingoni, akaniambia mshipa ulikuwa umebanwa lakini haujakatika, kidole cha pete kimecheza kidogo, cha mwisho bado, tusubiri. Akaniambia pia nitoke nje nikaone nilichokifanya, na hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na kazi yake ya mwezi mzima ndiyo kwanza inaanza.

Nje foleni ilitoka mlangoni, ikapita uzio, ikashuka mpaka barabara kuu. Mamia. Wengi wao mkono umebanwa kifuani kwa nguo yangu, wengine umefungwa kwa kitenge. Wengine walikuwa kina Yuditha, niliwatambua kwa rangi ya uso na namna walivyoinamia upande mmoja, na hao mlango ulikuwa unawaingiza kwa mara ya kwanza. Wengine walikuwa wazima kabisa, wamekasirika, na walikuwa na haki yao. Fundi mmoja wa baiskeli aliniuliza kama nitamlishia wanae. Mwanamke mmoja aliniita mchawi. Nehemia alikuwa katikati ya foleni, mke wake pembeni yake amempakata mtoto. Aliniona, akageuzia uso upande wa barabara. Niliwapitia wote polepole, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu niliona nikipita haraka ningekuwa nakimbia.

Karibu na mwisho alisimama bibi mmoja, mdogo kwa umbo, mkubwa kwangu kwa miaka ishirini. Aliponiona nasimama mbele yake alitabasamu. Hakujua mimi ni nani. “Kamwene,” akanisalimu, na bega lake la kulia likainuka, mkono ukataka kutoka. Mbeleko ikaushika. Akavuta tena, na safari hii uso ukamkunjamana kwa uchungu, halafu kwa aibu, akaanza kuniomba radhi kwamba mkono umekataa, nisidhani amenidharau. Nilitaka kumwambia asiuvute, asimpe mtu, mimi ndiye wa kumwomba radhi.

Ndipo nikaona anapotazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshanyooka mbele yake, na wa kushoto uko chini ya kiwiko, unamsubiri.